Kanda Zote, Bosi

Jumamosi iliyopita niliumbuka mbele ya watu kumi na saba na sinia mbili za maandazi. Leo ni Jumatano, na watoto wa ukoo bado wananiita Anko Chenga.

Shangazi ana kanda moja tu ya video: harusi ya mwanawe, aliyeoa Columbus, Ohio, mwaka 1995. Nauli ya kwenda ilikosekana, ikaja kanda. Tangu hapo imelala kabatini ndani ya foronya kama hati ya kiwanja. Hakuna aliyenituma; nilijitia kimbelembele mwenyewe. "Shangazi, hiyo niachie mimi." Nikaenda Kariakoo, nikapata deki ya mtumba. Muuzaji aliipiga kofi mgongoni kama ng'ombe wa mnadani: "Inacheza kanda zote, bosi."

Shangazi alivaa kanga ambayo haijawahi kuona maji. Kanda ikaingia bila ubishi, na hapo ndipo penye usaliti: plastiki ileile, umbo lilelile, hata ule mlio wa kumeza ni uleule. Kisha bibi harusi akatokea. Hana rangi, anapanda. Kichwa kilitokomea juu ya kioo, miguu ikafuata, halafu kichwa kikaibuka tena chini. Keki nayo ikapanda. Shehe akapanda. Vigelegele vikatoka vizito, vya kuburuta, kama ng'ombe aliyenyimwa pumba.

"Mbona bibi harusi kavaa kaniki?" akauliza Mama Mkubwa.

Nilichomoa nyaya, nikachomeka. Nilipangusa kichwa cha deki kwa manukato. Niliizaba kofi, kama nilivyoona kwa muuzaji.

"Mwanangu," akasema Shangazi kwa upole unaoumiza, "mimi nimeona televisheni ya rangi Unguja mwaka 1974. Wewe leo unanionyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Sisi wa Bara tulisubiri televisheni yetu hadi 1994. Ndipo mtoto wa jirani, wa miaka tisa, aliyekuwa na andazi mdomoni, akasema, "Anko, labda ni ya Marekani."

Usiku ule nilisoma mpaka adhana ya alfajiri, kwanza kwa hasira, baadaye kwa utamu. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde. Wetu, kama wa Ulaya, mara 50. Televisheni za zamani zilifuata mdundo wa umeme wa nchi yao ili mawimbi yake yasitambae juu ya picha. Basi mwaka 1941 Wamarekani wakaafikiana mistari 525 na picha 30 kwa sekunde. Ulaya ikaja kutulia kwenye mistari 625 na picha 25. Na picha yenyewe haichorwi kwa mkupuo: hupita mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa inajaza mapengo, kama mtu anayesuka ukili. Miaka yote nimeangalia mpira bila kujua kwamba naonyeshwa nusunusu.

Rangi ndiyo iliyoleta kizaazaa. Mwaka 1953 Wamarekani walikuwa tayari na mamilioni ya seti za nyeusi na nyeupe, na hawakutaka zitupwe. Wakaificha rangi ndani ya mawimbi yaleyale. Ikaanza kugombana na sauti, kwa hiyo wakapunguza picha kutoka 30 hadi 29.97. Mtu anayepunguza sehemu tatu za mia za picha, ujue amebanwa kwelikweli! Hata hivyo rangi iliweza kupotoka njiani, uso wa mtu ukawa kijani, ndiyo maana mafundi wakatania kwamba NTSC, herufi za mfumo huo wa Marekani, zinamaanisha "rangi ileile haiji mara mbili."

Mjerumani Walter Bruch wa Telefunken akapata dawa, ikaitwa PAL: rangi igeuzwe kila baada ya mstari mmoja. Mstari huu ukikosea kulia, unaofuata unakosea kushoto, na makosa yanafutana. Ni kama mashahidi wawili waongo, mmoja anazidisha, mwenzake anapunguza, kadhi anaukuta ukweli katikati. Wafaransa wakasema hapana, wakashika SECAM ya Henri de France. Nasi tukarithi ugomvi huo: Tanzania PAL, Burundi na Zaire ya enzi hizo SECAM, ingawa samaki wa ziwa letu ni wamoja.

Na deki yangu? Imezoea kuhesabu alama 25 kwa sekunde ukingoni mwa kanda. Hii imeandikwa 30. Basi ikaiburuta kwa mwendo wa tano kwa sita. Ng'ombe wangu ndiye huyo.

Ningecheka nanyi, lakini kwenye kanda ile Baba Mdogo anasimama kutoa nasaha. Alizikwa hukohuko Ohio. Shangazi alisogea karibu kabisa na kioo, akasikiliza ile sauti nzito, ya mgeni. "Huyu ndiye kaka yangu?" Nikazima.

Mengine ni madogo. Blenda ya volti 120 iliyotoka Marekani ilifuka moshi kabla embe halijasagika. Runinga yao mpya haikamati hata stesheni moja ya hapa, kwa sababu hata kwenye dijitali walichagua mfumo wao. Ila DVD naikasirikia. Mistari 525 ina sababu yake, umeme ni umeme. Lakini zile namba za kanda za dunia, Marekani ya 1, sisi, Urusi na India ya 5, hazikuletwa na umeme. Ni wafanyabiashara waliochora mstari katikati ya familia ili filamu isivuke kabla hawajaiuza mara mbili, na diski ya Kimarekani ya mpwa wangu ikarudi kabatini pamoja na kanda.

Jumatatu niliirudisha deki Kariakoo. Muuzaji hakutahayari hata kidogo.

"Nilikwambia kanda zote, bosi. Wewe hukuuliza za wapi."

Nimerudi nayo nyumbani. Shangazi ameitazama, akasema hiyo deki nikaipigie sakafu.