Lipa Zaidi, Upunguziwe

Anayetaka Porsche 911 mpya asidhani kazi ni kupata pesa. Kazi ni kuchagua toleo: Carrera, Carrera S, GTS, Turbo, GT3 na ukoo wote uliobaki.

Hilo jina la Turbo lina mambo. Tangu Carrera iliyotoka 2015, hata 911 ya bei ya chini kabisa ina turbo mbili kwenye injini, ila kuitwa Turbo haina ruhusa. Jina ni la wenye nazo. Halafu 2019 ikaletwa Taycan Turbo, gari la umeme, halina turbo hata ya dawa. Hilo ndilo likapewa jina.

Lakini kiboko yao ni Carrera T ya 2022. Viti vya nyuma vimeondolewa, vizuia kelele vimepunguzwa, vioo vimefanywa vyembamba, eti gari liwe jepesi. Ukishapunguziwa yote hayo, unalipa zaidi ya mwenye Carrera ya kawaida. Haya, tuseme kweli: wamekuongezea gia za mkono na kulishusha gari milimita 10. Lakini kung'oa viti? Fundi wa mtaani angekung'olea kwa hela ya chai, na viti akavibeba yeye.

Ushauri wangu kwa mwenye pesa za kutosha: chukua Carrera ya kawaida. Hakikisha ina viti vya nyuma, na mama watoto hatakuuliza umelipia nini.