Namna ya Kusherehekea Asilimia

Ndugu Afisa Elimu Msingi, hongera kwa uteuzi. Mwaka unakwisha, na Mkurugenzi ameshauliza mara mbili kama "kale kashughuli ketu" ka kusherehekea matokeo kapo. Kapo. Fuata maelekezo haya na wilaya itameremeta.

Anza na tarehe, maana tarehe ni nusu ya ufaulu. Matokeo ya darasa la saba hutoka kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Ya upimaji wa darasa la nne na ya kidato cha nne husubiri Januari. Huo upenyo wa katikati ndio wako. Ukijikokota hadi Februari, itabidi umsubiri mwenzako wa sekondari naye atafute maneno ya kuweka kwenye risala, na yeye ana kazi ngumu kuliko yako.

Kisha tafuta asilimia. Usitafute elimu, elimu haichapwi kwenye bango. Na asilimia ni mali ya anayechagua wa kulinganishwa naye. Mmepanda kutoka mwaka jana? Linganisha na mwaka jana. Mmeshuka? Linganisha na wastani wa miaka mitano. Mmeshuka hata hapo? Rudi 2012, mwaka ambao watahiniwa walianza kusiliba majibu kwenye fomu zinazosahihishwa kwa mashine, na waliofaulu darasa la saba nchi nzima wakawa takriban asilimia 31. Hakuna wilaya inayoshindwa kuonekana bora mbele ya mwaka huo. Ninyi ni wa 7 kimkoa kati ya halmashauri 8? Andika "tumeingia saba bora". Si uongo.

Baraza la Mitihani, ni kweli, lilitangaza Januari 2023 kwamba limeacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Lisikutishe. Lililoachwa kwenye luninga linaweza kufanyika chini ya turubai: panga shule zako mwenyewe, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na orodha uibandike kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu saa nne usiku ili wapate usingizi mzuri.

Jambo moja tu nakuomba usiliguse, nalo ni namba ya chini ya mstari. Asilimia hukokotolewa kwa watoto waliofanya mtihani. Waliokwenda kuchunga, walioolewa, waliohamia machimboni na wale ambao shule ilichoka kuwatafuta hawamo, kwa hiyo hawawezi kufeli. Kwa ngazi ya taifa mfano ni mkubwa vya kutosha kukutia adabu. Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, darasa la kwanza lilifurika watoto takriban milioni mbili. Kundi hilo lilipofika darasa la saba mwaka 2022, waliofanya mtihani walikuwa kama milioni 1.35, na ufaulu ukatangazwa asilimia 79.62. Wapo waliokariri darasa, wapo waliofariki. Yote hayo yana maelezo. Lakini hao laki kadhaa hakuna aliyewaandalia risala. Mtoto wa namna hiyo ni neema kwa sherehe: halali chini ya turubai, hali wali, na haharibu wastani.

Ukishapata asilimia, hamia kwenye majengo. Hapa nitaacha mzaha kidogo, kwa sababu madarasa ni jambo la kweli. Fedha za UVIKO-19 zilijenga vyumba 15,000 mwaka 2021, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, na Januari iliyofuata waliochaguliwa kidato cha kwanza waliingia wote kwa mkupuo mmoja, bila kusubiri chaguo la pili. Anayebeza hilo hajawahi kuona mtoto aliyefaulu akikaa nyumbani hadi Machi. Basi piga picha madarasa yako mapya, na uyapige kutoka nje. Ukiingia ndani, kamera itaanza kuhesabu watoto, na mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ukuta mpya una rangi nzuri. Mwalimu wa hesabu ambaye hajaletwa hatokei kwenye picha, hata ukitumia simu ya bei gani.

Bajeti sasa. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu. Kwa hiyo mwalimu mkuu anamwendesha mtoto kwa shilingi 6,000, chaki, mitihani, ukarabati na michezo vikiwemo. Fulana moja ya sherehe, ikiwa ya kitambaa kizito na sura ya mgeni rasmi kifuani, inamzidi mtoto huyo. Usishtuke, fulana hazitoki kwenye ruzuku. Zinatoka kwenye mchango wa hiari wa walimu, ambao orodha yake itapitishwa na Afisa Elimu Kata na wasiotoa wataandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Mwalimu atachangia, na kwa mchango wake tutamnunulia yeye mwenyewe godoro la pongezi. Godoro lipambwe kwa riboni. Anayedai fedha za uhamisho tangu mwaka juzi akabidhiwe la kwanza, huku amesimama karibu kabisa na mgeni rasmi, mahali ambapo hawezi kuzungumza bila kipaza sauti.

Kwa shule iliyoshika mkia kuna mila ya vinyago. Zipo halmashauri zilizowahi kuwakabidhi wakuu wa shule kinyago mbele ya halaiki, wakapigwa picha. Chagua mti mgumu, kitarudi mwakani. Ila ukiniuliza mimi, naona ni aibu iliyokosea anwani. Shule inayoshika mkia aghalabu iko mwisho wa barabara, ina walimu watatu, na mvua ikinyesha mthibiti ubora hafiki. Kama kinyago ni lazima, kianze na ofisi inayopanga walimu, yaani ofisi yako. Chukua vipimo vya meza mapema.

Itifaki haina ugumu. Kadi iandike saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi atafika saa saba. Watoto wa halaiki wawe juani tangu saa mbili, kwa sababu wakikaa kivulini nguo hukunjika. Ngonjera iwe na majina ya viongozi yasiyopungua saba, yaliyopangwa kwa cheo. Kosa moja hapo ni kubwa kuliko kushuka kimkoa. Mshereheshaji aombe makofi ya kilo kila baada ya takwimu, hasa takwimu inayotaka maswali. Katika risala, neno "tatizo" lifutwe: choo kimoja kwa wasichana mia mbili ni "changamoto", na changamoto "inaendelea kufanyiwa kazi". Kiingereza, ambacho miaka ya karibuni kimekuwa kikiburuza mkia darasa la saba, kitajwe kwa Kiswahili fasaha na kwa haraka.

Meza kuu ipewe maji ya chupa, karanga na korosho. Walimu wapewe soda baada ya hotuba, maana wakipewa kabla wataondoka. Watoto watapata peremende, tena kutoka kwenye gari la matangazo likiwa linaondoka, ili wakimbie na video ipendeze.

Mwisho ni ratiba. Kipengele cha "mengineyo" kiondoe. Ndicho kipengele ambacho mwalimu mkuu wa shule ya mwisho wa barabara hukisubiri tangu asubuhi, akiwa na karatasi yenye idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba iliyopita na ya waliofanya mtihani mwaka huu. Akinyoosha mkono hata hivyo, mpiga muziki awe ameshaelekezwa wimbo gani, na kwa sauti gani.