Mkonge wa Elfu Arobaini

Kwetu Muheza mtu akitaka mkonge hachukui hela, anachukua panga. Unaota kando ya reli, unaota kwenye mipaka ya mashamba, unaota mahali ambapo hata magugu yamekataa. Sasa nimehamia Goba, Dar es Salaam, na mama watoto kashuka kwenye bajaji akiwa amekumbatia chungu cha saruji, ndani yake mkonge. Kaununua kwa wauza maua wa barabarani. Shilingi elfu arobaini, tena baada ya kupunguziwa.

"Si mkonge, baba watoto," akanisahihisha. "Hii ni agave. Huoni ina mistari ya njano?"

Mistari naiona. Naiona pia miiba ya pembeni, na ule mwiba mweusi wa nchani ambao tangu siku hiyo umekuwa ukinitolea macho. Agave ni ukoo mkubwa wenye asili ya Mexico na jirani zake, na mkonge wetu wa Tanga umo ndani ya ukoo huo. Huu wa mistari ni binamu yake aliyepitia saluni.

Babu yangu alifika Tanga akiwa manamba, akaumaliza ujana wake akikata mmea huu. Baba akapanda cheo kidogo, akaingia korona, kwenye ile mashine ya kusaga majani, ambako ukitoka jioni unanuka hadi mbwa wako anasita kukusogelea. Wote wawili walikuwa na wosia mmoja kwangu: soma, usije ukakata mkonge. Nikasoma. Nikapata kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Leo mshahara wa kiti hicho unanunua mkonge.

Aliyetuletea habari hii ni Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Mwaka 1893 miche yake ilifika pwani yetu kutoka Florida. Ilikuwa 1,000 wakati inaanza safari, ikafika hai 62 tu. Hiyo 62 ikazaa, ikajaza mashamba kutoka Pangani hadi Korogwe na kwingineko, na kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, kabla kamba za nailoni hazijaja kuharibu soko. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili nieleweke ninapodai kwamba mmea uliovuka bahari ukiwa umejikaukia melini hauwezi kufa kwa kukosa ndoo mbili za maji jioni.

Nyumbani kwangu hoja hiyo haijapita. Mtaani kwetu bomba hutoa maji likijisikia, kwa hiyo tunanunua kwa boza. Mimi naogea kopo moja, nusu la kujimwagia na nusu la kujifariji. Mkonge unaoga kila siku. Mmea wenyewe ni bahili kuliko mimi: mchana unafunga vitundu vya majani yake ili maji yasipotee na jua, unasubiri usiku ndipo uvifungue na kuvuta hewa. Umejibana kiasi hicho, halafu anakuja dada wa kazi na ndoo, kwa ratiba iliyobandikwa kwenye friji.

Ukaoza, bila shaka. Majani ya chini yakalegea, shina likawa laini, harufu ikanirudisha moja kwa moja kwa baba mlangoni mwa korona. Mama watoto akaenda kuomba ushauri kwa yuleyule aliyemuuzia. Mtaalamu akatafakari, akagundua kwamba ua lilikuwa na upweke. Akamuuzia mengine matatu, pamoja na kiroba cha samadi.

Nikaweka mguu chini juu ya jambo moja tu: mchanga na kokoto zichanganywe kwenye udongo, na ile ratiba ibanduliwe friji. Nikakubaliwa. Ndipo nikajua kwamba nilikuwa salama zaidi wakati ule ulipokuwa unaoza.

Maana mkonge ukistawi, unazaa. Mzizi unapita chini kwa chini na kichipukizi kinaibuka pale ambapo huwa unaegesha pikipiki. Ukiking'oa, ndugu zake wawili wanakuja kwenye msiba. Mwanzoni tuliwagawia wageni. Shemeji akapewa, mwenyekiti wa mtaa akapewa, bibi harusi mmoja asiye na hatia akapewa kikiwa kimefungwa utepe. Siku hizi watu wakija kwetu wanaaga wakiwa wamesimama getini, mikono mfukoni.

Miiba nayo haina likizo. Mipira ya watoto wa mtaa inakufa uani kwangu, na kila mpira unaokufa unaleta ujumbe wa watoto wenye nyuso za kudai fidia. Upepo wa kusi ukipita, kanga zinatoka kambani zikiwa nzima na kuokotwa zikiwa vyandarua. Umeme ukikatika usiku nami nikaenda kufunga geti, siulizi nipo wapi, muundi wangu unaniambia. Nililalamika sana mpaka mama watoto akachukua kandambili zangu, zile za bluu nilizozizoea, akazikatakata na kuchomeka kipande kwenye kila ncha. Bustani ikawa na vidonge vya bluu hewani, nami nikawa pekupeku katikati ya miiba ya pembeni, ambayo haikupewa kitu.

"Lakini inazuia wezi," akasema.

Mwizi akaja. Akauchomoa mkonge taratibu, akaulaza ukutani bila kuvunja hata jani, akaondoka na chungu. Nilimheshimu sana mtu yule. Nadhani ni wa Korogwe.

Basi nikaamua kupunguza majani mwenyewe, na panga langu, nikiwa na kaptula. Ndani ya utomvu wa jani la agave mna vijisindano vya madini, vidogo havionekani kwa macho, na kazi yake ni kumtia adabu yeyote anayelitafuna jani au kulikata. Mimi sikutafuna. Nilijikuna hadi usiku wa manane nikiwa nimekaa ndani ya beseni. Na kwa mara ya kwanza maji ya boza yalinimwagikia mimi.

Wiki hiyohiyo mjomba akaja kutoka Muheza kupimwa macho. Alipoingia getini nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alikuwa amesimama mbele ya bustani.

"Mjomba," akasema, "wamekufuata?"

"Nimewanunua, mjomba."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipojua bei akakaa chini kabisa. Kisha akaomba kisu. Miaka aliyokata mkonge shambani, ncha ikitoka kwanza, majani yakifungwa tita thelathini thelathini, haijamtoka mikononi. Alianza na majani ya chini, akapanda kwa mpango, na hakujikuna hata mara moja, jambo ambalo nililiona kama ukosefu wa adabu kwa mwenyeji. Macho ya kupimwa, nasikia.

Majani hakuyatupa. Aliyaponda kwenye ubao wa kufulia, akayapara, akaanika katani kwenye kamba ya nguo. Mama watoto akavutiwa. Akauliza kama linaweza kupatikana zulia la sebuleni. Mjomba akamweleza kwa upole kwamba kilo 100 za majani hutoa katani kama kilo nne, kwa hiyo kwa mikonge ile tunayo labda zulia la paka. Mwanangu, ambaye elimu yake yote iko kwenye simu, akauliza kuhusu pombe ya tequila. Akaambiwa hiyo ina agave yake, ya bluu, huko Mexico, na kwamba kwetu Hale mabaki ya mkonge yalishawahi kutumika kuzalisha umeme. Wote wakanigeukia mimi, kana kwamba giza la uani kwangu ni uvivu wangu.

Mjomba alikaa hadi katani ikakauka, akila vizuri. Akasokota kamba nyeupe ndefu, imara, mali safi. Mama watoto akaitaka. Mjomba akataja bei, na bei ilikuwa ya Goba, si ya Muheza.

Nikalipa. Kamba hiyo sasa imening'inizwa barazani, imebeba chungu kipya, na ndani yake kuna kichipukizi cha mistari ya njano, kimekaa usawa kabisa wa paji la uso wangu. Nimeuliza kama kinaweza kupandishwa juu kidogo. Nimejibiwa kwamba kikipandishwa, dada hatafikia kukimwagilia.