Tangi Linalodai Maji

Mgeni rasmi yeyote anayehutubia klabu ya kompyuta huku Machakos hamalizi bila kutaja Konza. Jiji hilo la teknolojia liko kaunti jirani ya Makueni, Rais Kibaki alilizindua mwaka 2013, na wanafunzi wetu wameambiwa kila muhula kwamba linawangoja wao. Hupiga makofi vizuri tu. Kisha kengele hulia, nao huchukua ndoo wakatafute maji.

Ndiyo maana klabu ninayoilea iliamua kupima tangi la shule. Lina kimo cha mita 2, na mwenye mamlaka juu yake ni mzee wetu wa matengenezo, ambaye huligonga kwa fimbo kutoka juu akishuka, sikio limetegwa. Mlio unapobadilika, ndipo maji yalipo. Hajawahi kukosea, na wanakamati wa klabu waliona huo ni ushamba.

Walishuka Nairobi, wakanunua bodi ya Arduino pale Luthuli Avenue pamoja na kihisi chenye macho mawili ya duara kama bundi. Hufungwa chini ya kifuniko: jicho moja hutoa mlio usiosikika na binadamu, la pili hungoja mwangwi. Sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukijua muda, umejua umbali hadi kwenye maji. Ila mlio umekwenda na kurudi, lazima ugawanye kwa mbili. Katibu wa klabu, kinara wa hisabati kidato chake, hakugawanya.

Siku hiyo maji yalikuwa mita 1.5 chini ya kihisi. Bodi ikasoma mita 3, ikazitoa kwenye kimo cha tangi, na simu ya mzee ikapokea ujumbe: "Maji: asilimia -50."

Alinijia ofisini ameishika simu kwa mkono ulionyooka.

"Mwalimu, tangi linatudai?"

Nikamweleza habari ya mwangwi. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mimi sibishi," akasema. "Kama pale Kyamwilu maji hupanda mlima, haya nayo yanaweza kudai."

Kyamwilu iko nje kidogo ya mji. Barabara na vilima vyake hudanganya macho, mteremko ukaonekana kama mwinuko, na wageni humwaga maji ya chupa kwenye lami ili wayapige picha yakipanda. Maji ya chupa! Machakos!

Hesabu ilinyooshwa kwa mstari mmoja wa programu. Mjusi hakunyooshwa na programu. Alikuwa amependa kivuli cha kifuniko, akajinyoosha mbele ya kihisi, na bodi ikatangaza mchana kutwa kwamba tangi limejaa, huku bweni la wasichana halina tone. Wanakamati walijifungia maabara wakaisoma programu mstari kwa mstari, feni ikiwapepea, wala hakuna aliyewaza kupanda ngazi. Nimeona klabu nyingi zenye ugonjwa huu: kosa hutafutwa pale penye viti.

Mjusi alikuwa afadhali. Kifaa cha kutuma ujumbe, kinapowasiliana na mtandao, hunyonya umeme kwa kishindo, hata ampea 2 kwa mara moja, nao walikiunganisha pamoja na bodi kwenye chaja moja kuukuu ya simu. Kila kilipotuma, bodi ilizirai. Ilipozinduka ilifanya jambo la kwanza ililofundishwa, yaani kusalimu: "Habari. Mfumo umewaka." Kisha ikazirai tena. Namba iliyoandikwa humo safari hii ilikuwa ya naibu mwalimu mkuu.

Usiku wa manane naibu akajibu, "Nani mwenzangu?" Akaambiwa mfumo umewaka. Akauliza kama ni watu wa mikopo. Mfumo umewaka. Alipata usingizi kredo ya klabu ilipokwisha.

Siku hizi bodi ina chaja yake, na kifuniko kimezibwa na fundi wa jua kali. Kila asubuhi mzee hugonga, katibu huandika, kisha wanalinganisha na kihisi. Hutofautiana kwa sentimita chache, na hapo mzee huagiza kihisi kiulizwe upya.

Mradi unaofuata ni taa za mabweni. Naibu ameuidhinisha kwa maandishi, kwa sharti moja: taa zisipewe namba yake.