Simtanki, MAGAZIJUTO na Kundi la Kujisomea

Miongoni mwa mambo ambayo simu ya mkononi imeyarahisisha kupita kiasi ni kuunda kundi la kujisomea fizikia na hisabati za uhandisi, kwa kuwa kundi lenyewe huundwa kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika kutatua swali la kwanza la sura ya kwanza, na wepesi huo ndio chanzo cha karibu kila mkasa unaofuata.

Waanzilishi wa makundi haya, hasa nchini Tanzania, hufanana sana. Wengi ni wahitimu wa tahasusi ya PCM, yaani mkusanyiko wa Fizikia, Kemia na Hisabati unaosomwa kidato cha tano na cha sita, ambao baadaye riziki iliwapeleka kwenye uhasibu, bima au duka la vifaa vya ujenzi, lakini wakabaki na kinyongo na somo ambalo hawakuachana nalo kwa heshima. Huungwa mkono na mafundi sanifu wanaojiandaa kurudi chuoni kutafuta shahada, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokwisha kuonja mtihani mmoja wakashtuka, mwalimu mstaafu ambaye hakuombwa ridhaa yake, na umati wa watu walioona kiungo kikipita wakakibonyeza. Kwa kuwa tangu 2022 WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, mwanzilishi huona ni hasara kuacha nafasi wazi, ingawa hakuna mwalimu mwenye akili timamu ambaye angekubali kufundisha milinganyo mbele ya halaiki kiasi hicho, nusu yao wakiwa ndani ya daladala.

Wiki ya kwanza humezwa na uongozi. Kama ilivyo kwa kamati ya harusi, huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mhazini, na huyo wa mwisho ndiye hugombewa kuliko wote, japokuwa hakuna fedha yoyote inayotarajiwa. Huandikwa kanuni zinazokataza siasa, matangazo ya biashara na video za mahubiri, na tangazo la kwanza la viwanja vya bei nafuu, vilivyopimwa na karibu na barabara, hutokea chini ya kanuni hizo kabla mtu wa pili hajazisoma. Mwalimu mstaafu akithubutu kuuliza kama yupo aliyefanya zoezi, hupokea shikamoo nyingi za dhati, na zoezi hapokei.

Uchaguzi wa kitabu nao una visa vyake. Wengi hupendekeza Engineering Mathematics cha K. A. Stroud, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1970, na pendekezo hilo lina busara, kwa sababu kitabu hicho kimepangwa kwa fremu, yaani hatua fupi zenye namba, ambapo msomaji hupewa maelezo kidogo, huulizwa swali, kisha hukuta jibu katika fremu inayofuata, na mpango huo unamfaa hasa mtu asiye na mwalimu karibu. Kasoro yake ni kwamba una imani kubwa mno na binadamu, maana unategemea msomaji asichungulie. Isitoshe, kitabu kimetolewa upya mara kadhaa na kurasa zake zimehamahama, hivyo katibu anapoagiza swali fulani la ukurasa fulani, wanachama hutatua maswali matatu tofauti, kisha hubishana jioni nzima kuhusu jibu. Upande wa fizikia, wenye matamanio makubwa huchagua mihadhara ambayo Richard Feynman aliitoa katika chuo cha Caltech nchini Marekani kati ya 1961 na 1963, na ambayo siku hizi husomwa bure kwenye intaneti. Wachache husoma dibaji yake, ambamo Feynman mwenyewe, aliyekuwa na wanafunzi waliochujwa kwelikweli na waliokaa mbele ya macho yake, anasema haoni kama aliwafaa sana. Kundi hufika katikati ya juzuu la kwanza ndipo likakubaliana naye.

Huja suala la muda. Katibu hutangaza kwamba kipindi cha kukutana kwa video ni saa 2 usiku, na kwa mkazi wa Mwanza au Mombasa, anayehesabu saa kuanzia macheo, tangazo hilo halina utata wowote. Mwanachama aliye Muscat huongeza saa moja na kuingia kwa wakati, kwa kuwa Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa hiyo moja tu. Aliyekulia Toronto, ambaye simu yake haijui saa nyingine isipokuwa ile inayoanza usiku wa manane, hutega kengele saa nane za usiku, huamka, hukuta ukumbi mtupu, na huandika ujumbe wa masikitiko ambao wenzake wanausoma wakati wa chai ya asubuhi. Akishaelezwa kwamba kipindi kwake ni saa 7 mchana, majira ya baridi huingia, Toronto hurudisha saa nyuma, Afrika Mashariki hairudishi, naye hukosa tena, safari hii kwa saa moja.

Hata wote wakikutana, hisabati haiandikiki kwa urahisi kwenye simu. Alama ya nyota, inayotumiwa na wengi badala ya alama ya kuzidisha, ina kazi nyingine ndani ya WhatsApp, kwani nyota mbili zikilibana neno au herufi, herufi hiyo hukolezwa wino na nyota zenyewe hutoweka, na kwa hiyo mlinganyo uliotumwa ukiwa mzima huweza kufika ukiwa umepoteza alama zake, huku herufi moja ikiwa imenenepa bila sababu. Wenye busara huamua kuandika kwenye daftari na kupiga picha, ambayo hufika imelala ubavu, na alama ya kutoa haitofautiani na mkunjo wa karatasi. Wasio na subira hurekodi sauti. Mwanafunzi akiuliza herufi C inatoka wapi katika integrali, yaani hesabu ya kurudi kutoka kwenye kasi ya mabadiliko hadi kwenye kitu chenyewe, jibu ni fupi: kiasi kisichobadilika hakina kasi ya mabadiliko, hivyo kinapotea wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi lazima kiachiwe nafasi. Kundini jibu hilo hutolewa kwa sauti ya dakika saba, ambamo jogoo husikika vizuri kuliko C.

Mada ya ratiba inaweza kuwa mgeuzo wa Laplace, yaani mbinu ya kubadilisha mlinganyo mgumu wa mabadiliko uwe mlinganyo wa kawaida wa aljebra, lakini hakuna mada iliyowahi kuushinda mtego wa 8÷2(2+2), swali lililosambaa duniani mwaka 2019 na ambalo bado hutumwa makundini kana kwamba limetungwa jana. Walioshika MAGAZIJUTO ya shule ya msingi, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, hupata 16, kwa kuwa mabano yakishatatuliwa, 8 hugawanywa kwa 2 kwanza, kisha 4 huzidishwa kwa 4. Wengine hushikilia kwamba 2 iliyogandamana na mabano ni sehemu ya mabano hayo, hivyo 8 hugawanywa kwa 8 na jibu ni 1. Ukweli ni kwamba swali limeandikwa vibaya, na kiwango cha kimataifa cha uandishi wa hisabati, ISO 80000-2, hakiipendekezi alama ya ÷ kwa kugawanya. Mhandisi huchora mstari wa sehemu na kulala usingizi wake. Mtu akisema hivyo kundini huambiwa anakwepa swali. Watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha Stroud hujitokeza kwa mara ya kwanza, hutukanana kwa adabu, na wawili hujitoa.

Hata hivyo, mara chache kundi hupata swali zuri kweli, na haki inataka hilo nalo lisemwe. Simtanki la lita 1,000, lenye umbo la silinda na kimo cha mita 1, limejaa maji, na chini yake limetobolewa tundu lenye kipenyo cha sentimita 2: litakauka baada ya muda gani? Kanuni iliyochapishwa na Evangelista Torricelli mwaka 1644 inasema kasi ya maji yanayotoka inafuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyobaki, hivyo mwanzoni maji haya hutoka kwa kasi ya takribani mita 4.4 kwa sekunde. Mhasibu, kwa mazoea ya kazi yake, huichukua kasi hiyo kuwa ya kudumu na kupata dakika 12. Wanafunzi hukumbuka kwamba kimo kinapungua na kasi inapungua nacho, huandika mlinganyo tofautishi, yaani mlinganyo unaohusisha kitu na kasi ya mabadiliko ya kitu hichohicho, na kupata dakika 24, ambazo ni mara mbili kamili ya zile za mhasibu. Fundi bomba, aliyekuwa kimya tangu ajiunge, huandika: “Kama dakika arobaini hivi, Mwalimu.”

Fundi huchekwa, lakini fundi yuko sahihi. Maji yakipita kwenye tundu lenye kingo kali hujibana, na mkondo wake huwa mwembamba kuliko tundu lenyewe, kiasi kwamba kinachotoka ni takribani asilimia 60 tu ya kile ambacho hesabu safi inakitarajia, na dakika 24 zikigawanywa kwa 0.6 hufika arobaini. Mwalimu mstaafu huanza kulieleza jambo hili kwa furaha ambayo hajaipata tangu astaafu, na hapo ndipo programu ya mikutano ya video, ambayo wasioilipia hukatiwa baada ya dakika 40, humkata. Lau mtu angelitoboa simtanki mwanzoni mwa mkutano, lingekuwa limekauka.

Baada ya usiku wa namna hiyo, fundi, mwalimu na mhasibu huondoka kundini kimyakimya na kuanza kupigiana simu ya kawaida Jumapili jioni, kila mmoja akiwa na toleo lilelile la kitabu na swali lililokwisha kujaribiwa kwa kalamu, na ndani ya mwaka huwa wameumaliza mgeuzo wa Laplace. Kundi kubwa halifi. Hubaki mahali pa kuaminika pa kupata taarifa za misiba, michango na bei ya saruji, na hiyo nayo ni huduma. Anayekusudia kujifunza fizikia, basi, na atafute wenzake wawili, na kiungo asikitume popote.