Jinsi ya Kukwepa Kazi ya Ramani ya Faiba Bila Kuumbuka

Umepewa wiki uandae data za ramani ziingie kwenye programu ya mtandao wa faiba, na unataka uonekane umekesha. Sogea karibu. Njia za mkato zipo, ni halali, na mafundi wazuri wote wanazipita.

Kwanza, usichore nyumba hata moja. Zimeshachorwa. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walipita na mradi wa Ramani Huria wakiingiza majengo, vichochoro na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Pakua, ni bure. Penye pengo, ziba kwa Open Buildings ya Google, iliyotoka 2021 ikiwa na majengo zaidi ya milioni 500 ya Afrika. Hakikisha tu nyumba moja haiingii mara mbili, ama sivyo mtaa utaonekana una wateja wengi kuliko ulio nao, na splita mtakazonunua zitaozea stoo. Kisha taja chanzo kwenye kona ya ramani. Hao watu walitembea juani kwa ajili yako, na kuwataja hakukupunguzii sifa.

Nguvu uliyookoa ipeleke kwenye koodineti. Hapa usikwepe.

Katikati ya Dar es Salaam ni longitudo 39.28, latitudo -6.82. Faili za KML na GeoJSON huanza na longitudo, ila watu wengi wakinakili kutoka kwenye simu huanza na latitudo. Zigeuze, na Kariakoo yote inahamia Uhispania, jirani na mpaka wa Ureno. Sahau alama ya kutoa, na nguzo zako zinaota kwenye milima ya Bale, Ethiopia. Makosa ya namna hii yana heri, maana yanajitangaza yenyewe. La kuogopa ni la kimyakimya: ramani nyingi za zamani za upimaji, Tanzania na Kenya, zimesimama kwenye mfumo wa koodineti wa Arc 1960, wakati simu yako inasoma mfumo wa WGS 84. Zichanganye bila kuzibadilisha, na kila kitu kinasogea kama mita 300. Ramani bado inapendeza, mitaa inafanana, na fundi anafika na ngazi begani mahali pasipo na nguzo. Programu ya ramani ya QGIS, nayo ya bure, inabadilisha kwa mibofyo michache. Kujihakiki ni rahisi: chagua nguzo moja unayoijua kwa macho, tuseme ile iliyo mbele ya duka unaponunua vocha, uitazame juu ya picha ya satelaiti. Ikikaa pake, endelea.

Majina ya safu za jedwali la data yawe mafupi. Shapefile, aina ya faili ya ramani, hukata jina likizidi herufi 10, kwa hiyo «namba_ya_nguzo» na «namba_ya_nyumba» zote zinaishia kuwa «namba_ya_n», na hapo kompyuta inaanza kukubunia majina ya kuzitofautisha. Andika «nguzo_na» na «nyumba_na», ukalale. Tena shapefile ni kundi la faili, ukituma .shp peke yake, bila .shx, .dbf na .prj, umetuma maumbo yasiyojua yanaitwaje wala yako wapi. Zifunge zote kwenye zip moja.

Ncha za nyaya ndizo zinazoumbua watu. Kwenye skrini waya umegusa boksi la kugawia huduma. Vuta karibu, vuta tena: kuna nafasi ya nusu mita. Jicho linasamehe, programu haisamehe. Kwake mwanga umeishia hapo, na nyumba zote za mbele zinahesabiwa hazina huduma. Usihangaike kusogeza ncha mojamoja kwa mkono. Washa kitufe cha kunasa kabla hujachora, kila ncha ijishike yenyewe kwenye boksi au nguzo.

Rangi acha mwisho kabisa. Wakubwa watazisifu, nawe zipokee sifa hizo, ila usiziwekee saa zako za asubuhi.

Na ukitaka kufeli, feli padogo. Usimimine jiji zima kwa mkupuo mmoja. Kata kipande cha mtaa, nguzo chache, boksi moja, nyumba zake, uingize. Kikigoma, kimegoma mbele yako peke yako. Soma programu inalalamikia safu ipi, rekebisha, rudia. Kikikubali, ingiza kata nzima usiku, wakati intaneti ya ofisi haigombaniwi.