Namna ya Kumtafuta Mchawi wa Waifai

Mtandao ukisumbua nyumbani, usijiulize umekatikia wapi. Swali la mkuu wa kaya ni moja tu: nani kaukata? Simama katikati ya sebule, uliza kwa sauti ya kufika jikoni, "Nani kachezea waifai?" Mtoto aliye karibu ndiye mshukiwa wa kwanza. Aliyekwisha kulala naye asiachwe. Kulala mapema hivyo kuna jambo.

Washukiwa wakikana, zima ruta uiwashe. Kinachoudhi ni kwamba dawa hii mara nyingi huponya: kumbukumbu yake iliyovurugika husafishika, na ruta hujiunga na kampuni upya. Usieleze hayo. Sema tu, "Nimeshatengeneza." Ikigoma, izime tena kabla haijamaliza kuwaka. Ruta nyingi huhitaji dakika mbili tatu. Wewe ipe nusu dakika, ijue nani mkubwa hapa.

Taa usiziangalie. Hasa ile iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, yaani waya umekatika huko nje, umechomoka, au umekunjwa mno ulipolisukuma kabati ukutani. Ukishalijua hilo huna tena wa kugombana naye, na kabati ulilisukuma wewe.

Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo kilichotengewa majasiri. Tia kijiti cha meno, bonyeza, hesabu hadi kumi. Ruta itasahau jina la mtandao, nywila, na zile taarifa za kampuni alizoingiza fundi siku ya kufunga bila kumwachia mtu nakala. Mtandao uliokuwa unasuasua sasa haupo kabisa, nayo ni hatua.

Suala la mahali pa kuiweka linataka utulivu. Watu wasio na haya huiweka juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Ruta yenye heshima hukaa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, jirani na maikrowevu. Ujirani huu una faida zake: maikrowevu hupasha wali kwa mawimbi ya takriban 2.4 GHz, masafa yale yale ya waifai ya kawaida, kwa hiyo kila kiporo kinapopashwa, simu ya chumbani hupumzika. Kukiwa na tangi la samaki katikati, maji yatameza sehemu ya yaliyobaki; zege na nondo zitamalizia. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini ukuta huyachosha upesi, basi yatumie ukiwa chumba cha mwisho. Na kama unaishi ghorofani, kaa chaneli 6 ya 2.4 GHz pamoja na jengo zima. Chaneli 1 na 11 ziko wazi, ila kuhama peke yako ni kujitenga na majirani.

Jihadhari na mpwa mwenye kompyuta. Atachomeka waya moja kwa moja kwenye ruta: mtandao ukipita, ugonjwa uko kwenye waifai, usipopita, uko kwenye ruta yenyewe au kwa kampuni. Kisha atajaribu kuifikia anwani ya namba ya mtandaoni, 8.8.8.8. Namba ikijibu huku majina ya tovuti hayafunguki, atasema ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Mtume dukani kabla hajafika huko.

Ipo siku kweli utakuwa huna mchawi ndani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukayumba Tanzania, Kenya na kwingineko. Hakuna ruta iliyowahi kuunga waya wa baharini kwa kuzimwa na kuwashwa, lakini hilo lisikuvunje moyo.

Baki na nguvu za kuwapigia huduma kwa wateja. Waambie umelipia Mbps 20 na faili linashuka kwa MB 2.5 tu kila sekunde. Mbps ni biti, MB ni baiti, na 20 gawanya kwa 8 ni 2.5 kamili; wanakupa ulicholipia. Foka hivyo hivyo. Wakikuuliza kama kifurushi hakijaisha, kata simu, halafu fungua ule ujumbe wa kukumbushwa malipo. Usiusome kwa sauti.